PICHA YA SERIKALI NI MALI YA NANI?

Askari wengi, wawe wa jeshi au wa polisi, wamekwisha kupigwa picha wakiwa kazini, na baadhi yao ndio wenyewe walioishika kamera. Picha hizo hutundikwa katika messi, hubandikwa katika ubao wa matangazo wa kikosi, huchapwa katika kalenda na vitabu, na siku hizi husafirishwa kwa simu kutoka mkono hadi mkono kabla hata jua halijatua. Mtu akiuliza ruhusa imetoka wapi, aghalabu hujibiwa: "Hiyo ni picha ya serikali, na cha serikali ni chetu sote." Jibu hilo ni tamu masikioni, lakini je, ni la kweli? Leo twapenda kulipima neno hilo kwa mizani ya sheria, kwa sababu ndani yake mna haki za watu, mna heshima ya askari, na mna fedha ambazo mtu aweza kudaiwa hali hakuzitazamia.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maana ya hakimiliki. Hakimiliki ni haki ambayo sheria humpa mtunzi wa kazi, iwe kitabu, wimbo, mchoro au picha, ili awe yeye wa kuamua nani ainakili, nani aichapishe na nani aiuze, kwa muda uliowekwa. Haki hiyo si karatasi yenyewe. Mwenye kununua kitabu hawi na ruhusa ya kukichapa upya. Vivyo hivyo, mwenye picha sandukuni mwake si lazima awe ndiye mwenye hakimiliki ya picha hiyo. Muda wa haki ukiisha, au ikiwa sheria haikuitoa tangu mwanzo, kazi hiyo huwa huru kwa watu wote.

BENDERA MOJA, KAMERA MBILI

Tarehe 23 Februari 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wa Marine wa Marekani waliinua bendera ya nchi yao juu ya mlima Suribachi, katika kisiwa cha Iwo Jima, nchini Japani. Ilikuwa bendera ya pili siku hiyo, kubwa kuliko ile iliyotangulia. Hapo mlimani walikuwapo watu wawili wenye kamera, wamesimama karibu karibu. Mmoja alikuwa Joe Rosenthal, raia, mwajiriwa wa shirika la habari la Associated Press. Wa pili alikuwa Sajini Bill Genaust, askari wa Marine, aliyekuwa na kamera ya filamu za rangi. Bendera ilikuwa moja, upepo ulikuwa mmoja, na dakika ilikuwa ileile.

Picha ya Rosenthal ilizunguka dunia nzima, na mwaka huohuo ikampatia tuzo ya Pulitzer. Kwa kuwa aliipiga akiwa mwajiriwa wa shirika, mwenye kuidai alikuwa shirika. Filamu ya Sajini Genaust ilikuwa kinyume chake: tangu siku ya kwanza haikuwa na mwenye kuidai. Kila mtu nchini Marekani aliweza kuionyesha, kuikata na kuichapa pasipo kuomba idhini. Sajini mwenyewe hakuishi kuyaona hayo. Tarehe 4 Machi 1945 aliuawa katika pango la kisiwa kilekile, wala mwili wake haukupatikana.

Kwa nini sheria iliwatenga watu hao wawili? Tangu mwaka 1895, sheria ya uchapaji ya Marekani ilikataza machapisho ya serikali yasiwekewe hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1909 ikalirudia neno hilo, na ile iliyotungwa mwaka 1976, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1978, ikalithibitisha katika kifungu chake cha 105: kazi ya Serikali ya Marekani haipati ulinzi wa hakimiliki. Na kazi ya serikali, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni kazi iliyofanywa na ofisa au mwajiriwa wa serikali kuu kama sehemu ya wajibu wake wa kazi. Hoja yake ni nyepesi kufahamika. Mwananchi amekwisha kuilipia kazi hiyo kwa kodi. Si haki atozwe mara ya pili.

Kwa hoja hiyo, picha nyingi mashuhuri ni huru. Picha ya mama maskini wa California aliyewakumbatia watoto wake, iliyopigwa na Dorothea Lange mwaka 1936 alipokuwa akiifanyia kazi idara ya serikali, ni huru. Picha ya askari wakiteremka majini kutoka katika mashua, siku ya kushambuliwa kwa pwani ya Ufaransa tarehe 6 Juni 1944, iliyopigwa na Robert Sargent wa kikosi cha Walinzi wa Pwani, nayo ni huru. Na picha ya dunia nzima iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, ambamo bara letu la Afrika laonekana wazi kabisa, imechapwa katika vitabu vya shule pasipo mtu kudaiwa hakimiliki.

UHURU WENYE MIPAKA

Msomaji asikimbilie kusema kwamba jambo limekwisha. Uhuru huo wa Marekani una mipaka, na kila mpaka una funzo kwa askari.

Mpaka wa kwanza ni wa mwajiri. Sheria yataja serikali kuu tu. Majimbo, miji na polisi wake hawamo katika kifungu hicho. Mpigapicha wa kukodishwa naye si mwajiriwa. Kazi yake yaweza kuwa na hakimiliki, na serikali yenyewe yaruhusiwa kupokea hakimiliki iliyohamishiwa kwake na mtu mwingine. Tena, askari aliyepiga picha za harusi ya ndugu yake siku ya likizo, kwa kamera yake, hakupiga picha ya serikali. Sheria huuliza kazi ilikuwa wajibu wa nani, wala si nguo gani alizovaa mpigapicha.

Mpaka wa pili ni wa nchi. Kamati ya Bunge la Marekani ilipoieleza sheria ya mwaka 1976, ilisema wazi kwamba katazo hilo halizuii serikali kudai hakimiliki katika nchi za nje. Kwa hiyo mtu wa Kampala au Nairobi asidhani kwamba kifungu cha Washington kimeandikwa kwa ajili yake.

Mpaka wa tatu ni wa kile kilichomo ndani ya picha. Hapo pana kisa ambacho kila askari anafaa kukijua. Mjini Washington pana ukumbusho wa askari wa Marekani waliopigana Vita vya Korea, uliozinduliwa tarehe 27 Julai 1995. Sanamu zake 19 za chuma kisichoshika kutu, zinazoonyesha askari wakiwa katika doria, zilichongwa na Frank Gaylord, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa askari katika Vita Kuu ya Pili. John Alli, aliyekuwa askari wa Marine, alizipiga picha sanamu hizo zikiwa zimefunikwa na theluji, akikusudia kumzawadia baba yake, mkongwe wa vita hivyo vya Korea. Idara ya Posta ya Marekani ikaipenda picha hiyo, ikamlipa Alli dola 1,500, na mwaka 2003 ikatoa stempu ya senti 37.

Posta ilidhani mambo yote yamekamilika. Ilikuwa imemlipa mpigapicha. Ukumbusho ulikuwa wa taifa. Sanamu zilisimama mahali pa hadhara. Lakini mchongaji hakuwa mwajiriwa wa serikali, wala hakuwa ameihamisha haki yake. Akafungua mashtaka. Mwaka 2008 mahakama ya kwanza ilimkatalia. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ikasema stempu ile iliivunja haki yake. Na baada ya mabishano marefu juu ya kiasi cha malipo, mwaka 2015 ikathibitishwa kwamba alipwe dola 684,844.94. Hivyo serikali ililazimika kulipa kwa sababu ya picha ya ukumbusho uliosimama katika ardhi ya serikali. Tukiona serikali imekosea hesabu namna hiyo, sembuse mchapaji wa kalenda za mtaani?

Mpaka wa nne ni wa sura ya mtu. Mwezi Februari 1984, Bruce McCandless, ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani na mwanaanga, alielea angani mbali na chombo chake, pasipo kamba yoyote ya kumshikilia. Picha ya tukio hilo ni ya serikali, na kwa hakimiliki ni huru. Hata hivyo, mwaka 2008 ilipowekwa juu ya jalada la sahani ya muziki ya mwimbaji Dido, McCandless hakunyamaza. Mwaka 2010 alifungua mashtaka, si kwa kudai hakimiliki ya picha, bali kwa kudai kwamba yeye ndiye aliyemo na kwamba hakutoa idhini ya kutumiwa katika biashara. Shauri hilo lilimalizwa kwa mapatano. Lakini funzo lake limebaki: picha yaweza kuwa huru, na mtu aliyemo asiwe huru kutumiwa.

Mpaka wa tano askari wanaufahamu kuliko raia, nao ni wa siri. Tarehe 1 Mei 2011 Pete Souza, mpigapicha wa ikulu ya Marekani, aliwapiga picha viongozi wakifuatilia operesheni dhidi ya Osama bin Laden. Picha ilitolewa kwa dunia nzima, nayo haina hakimiliki. Walakini, karatasi iliyokuwa mezani mbele ya Hillary Clinton ilifutwa maandishi kabla picha haijatoka. Hakimiliki ni jambo moja, na usalama ni jambo jingine. Ukosefu wa la kwanza hauondoi la pili.

TAJI LA UINGEREZA NA ASKARI WETU

Uingereza ilishika njia nyingine. Huko, kazi ya serikali haizaliwi huru. Huzaliwa ikiwa mali ya Taji, yaani ya Mfalme au Malkia aliyeko. Haki hiyo ilielezwa katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1911, na sheria hiyo ndiyo iliyopelekwa katika makoloni, yakiwamo ya Afrika ya Mashariki. Kwa kazi zinazofanywa chini ya sheria yao ya mwaka 1988, haki ya Taji hudumu miaka 125. Lakini kazi ikichapishwa kibiashara ndani ya miaka 75 ya kwanza, hudumu miaka 50 tangu kuchapishwa. Tangu mwaka 2010 serikali hiyo imetoa leseni ya wazi iruhusuyo watu kuzitumia kazi zake nyingi bila malipo, ilimradi watajie zilikotoka. Hata leseni hiyo haikufungua kila mlango: nembo za idara na alama za majeshi hazimo, wala habari za siri za watu binafsi.

Jambo hili latuhusu kwa namna ya pekee. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipigana nchini Burma, ikalipita bonde la Kabaw lililojaa matope na malaria, na mwezi Desemba ikauvuka mto Chindwin. Vikosi vyake vya King's African Rifles vilikuwa na vijana kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Wapigapicha wa jeshi la Uingereza walikuwapo, na picha zao zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya vita la London. Je, mjukuu wa askari aliyemo katika picha hizo aweza kuichapa sura ya babu yake katika kitabu cha ukoo?

Kwa upande wa hakimiliki, jibu ni ndiyo. Picha za Taji zilizopigwa kabla ya tarehe 1 Juni 1957 zililindwa kwa miaka 50 tangu kupigwa, basi. Picha ya mwaka 1944 ilikwisha kuwa huru tangu mwisho wa mwaka 1994, na ofisi ya serikali yao inayosimamia haki hizo imetamka kwamba kwisha huko ni kwa dunia nzima. Ghala linaloihifadhi laweza kutoza ada ya kuchapa na kutuma nakala nzuri, kwa kuwa hiyo ni huduma. Lakini kutoza ada ya huduma si kuwa na hakimiliki.

KWETU AFRIKA YA MASHARIKI

Baada ya uhuru, nchi zetu zilitunga sheria zake: Uganda mwaka 1964, Kenya na Tanzania mwaka 1966. Sheria hizo zimekwisha kubadilishwa na nyingine: ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, ya Kenya ya mwaka 2001 na ya Uganda ya mwaka 2006. Zanzibar nayo ina sheria yake ya mwaka 2003. Katika kuzitunga, hatukuifuata njia ya Marekani.

Nchini Kenya, kazi iliyofanywa na serikali, au chini ya maelekezo na usimamizi wake, hupewa hakimiliki, na mwenye haki hiyo ni serikali. Nchini Uganda sheria yasema vivyo hivyo: kazi iliyoundwa chini ya maelekezo au usimamizi wa serikali ni ya serikali, isipokuwa pakiwa na makubaliano mengine. Kile kilichoachwa huru ni maandishi ambayo mwananchi hawezi kuishi bila kuyajua. Sheria za Bunge na hukumu za mahakama hazina hakimiliki. Uganda imeongeza humo taarifa za tume za uchunguzi zilizoundwa na serikali. Habari za siku nazo ni huru. Lakini habari ni tukio, nayo picha ya tukio ni kazi ya mtu. Kila mtu aweza kusimulia kwamba daraja limevunjika. Picha ya daraja hilo bado ina mwenyewe.

Basi jibu la swali letu, kwa upande wa nchi zetu, ni kwamba picha iliyopigwa na askari kazini si mali ya kila mtu, wala si mali ya askari mwenyewe. Ni mali ya serikali, kwa muda uliowekwa na sheria. Wapo wenye kuuliza kama huo ni uadilifu, kwani kodi ya mwananchi wa Jinja au Dodoma haina thamani ndogo kuliko ya mwananchi wa Marekani. Twaiona hoja hiyo ni nzito. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi picha za siku ya uhuru hafai kuhangaishwa mlangoni. Upande wa pili nao una neno: serikali yenye haki juu ya picha zake yaweza kumzuia mfanyabiashara asiwauzie wananchi kile kilicho chao, na yaweza kuitetea heshima ya askari aliyeuawa asigeuzwe tangazo la sabuni. Njia iliyo bora, kwa maoni yetu, ni serikali kuishika haki mkononi na kuufungua mkono huo kwa leseni iliyo wazi, ili kila mtu ajue kipi aruhusiwacho na kipi akatazwacho.

ASKARI AFANYE NINI?

Askari atakayeletewa picha ya serikali, au atakayeipiga, na ajiulize maswali machache kabla ya kuitoa. Ni nani aliyeipiga, na je, ilikuwa sehemu ya kazi yake? Ilipigwa mwaka gani, na katika nchi gani? Ndani yake mna sanamu, mchoro, nembo au sura ya mtu ambaye hakuridhia? Mna silaha, ramani, namba za magari au mahali ambapo adui angependa kupajua? Na polisi aongeze hili: picha aliyoipiga penye ajali au penye uhalifu ni ushahidi, na aliyemo ni mtoto wa watu. Mtuhumiwa asiyehukumiwa, au maiti ambayo jamaa zake hawajapata habari, si picha ya kupelekeana katika simu. Afande aliyeshika kamera ameshika dhamana ileile aliyoishika katika bunduki.

Tena kuna jambo moja lisilohitaji wakili, nalo ni kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na picha nayo ni mali. Nyuma ya kila picha ya kikosi, au katika kitabu cha kumbukumbu, pawekwe tarehe, mahali, majina ya waliomo na jina la aliyepiga. Sheria za Kenya na Uganda zamtambua mtunzi kwa haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi, mbali na haki ya kuiuza. Haki hiyo haina maana ikiwa jina halikuandikwa. Miaka 50 itapita upesi kuliko tunavyodhani. Hakimiliki itakwisha, picha itakuwa huru, na watoto wetu watauliza: huyu ni nani?

Hapo ndipo tunapomkumbuka Sajini Genaust. Filamu yake imetazamwa na mamilioni ya watu, wengi wao wasiomjua. Hakuna aliyemdhulumu kwa mujibu wa sheria, kwani alikuwa kazini na kazi yake ilikuwa ya taifa. Sheria iliiacha filamu ikaenda popote. Jina lake halikwenda nayo daima. Kumlipa hatuwezi, wala yeye hakudai malipo. Kumtaja twaweza, naye ana wenzake wengi walioshika kamera katika vikosi vyetu, ambao picha zao zinatazamwa leo ukutani pasipo mtu kuuliza ni za nani. Kesho asubuhi, baada ya gwaride, tuzishushe picha hizo kutoka ukutani mwa messi, tuzigeuze, tuone kama nyuma yake pameandikwa neno. Ikiwa hapana, wazee wanaokumbuka bado wapo. Tuwaulize, tuandike.